Saini ya Basilia

Sallapata, 15 Juni

Nélida mdogo wangu,

Kondakta wa basi la Alhamisi amekubali kukuletea barua hii ndani ya gunia la viazi. Anza na barua, viazi havikimbii. Naandika kwa mkono kwa sababu simu yako imenifungia. Nilipanda kule kilimani kwenye mtandao mara tatu, nikapiga, kimya, mpaka binti yako akaniambia, "Mjomba, mama amekuzuia." Haya bwana. Mimi nami nilikutoa kwenye kundi la ukoo, kwa hiyo tumelipana, watu wazima wenye mvi.

Unajua kwa nini nilikutoa. Ulituma ule ujumbe kwamba wanaopigia kura chama cha Birika ni magaidi. Marehemu baba aliitwa hivyo hivyo na wale waliokuja kumchukua, na wewe ulikuwa umejificha nyuma ya magunia na mimi nimekushika mdomo. Ningeweza kukusamehe ujumbe mwingine wowote.

Ila leo sikuandikii ugomvi, nimechoka nao. Nina shida. Jumapili ya duru ya pili mimi nilikuwa mwenyekiti wa meza ya kura hapa shuleni, bahati nasibu iliniangukia. Wenzangu wawili waliochaguliwa hawakutokea. Na wewe unaijua desturi yetu siku ya kura: hakuna anayefika mapema, maana wa kwanza kwenye foleni ndiye anayekamatwa akalishwe mezani mpaka jioni. Saa moja asubuhi kijiji kizima kilikuwa kinachungulia madirishani, kila mtu anamsubiri mwenzake atangulie. Waliotangulia ni wawili tu. Mmoja ni mzee Teófilo, ambaye hasikii vizuri na hakuelewa tulipomwambia akae. Wa pili ni komadre wako Basilia, ambaye mtoto wake ulimsimamia ubatizo. Alikuwa ameacha alpaka zake malisho ya juu bila mtu, akataka apige kura upesi arudi. Nikamwambia, "Basilia, kaa hapa." Akasema, "Eleuterio, Mungu anakuona." Akakaa.

Nakwambia, nilijivunia. Unakumbuka hakujua hata herufi moja. Mwaka jana aliingia darasa la watu wazima la Jumamosi, akiwa na miaka hamsini na nane. Kila karatasi iliyokuja mbele yake alisaini jina lake zima, Basilia Ccahuana Huamaní, herufi moja baada ya nyingine, ulimi umetoka nje. Karatasi kumi na nane! Tulimsubiri wote. Hata wakala wa chama chenu cha Daraja alisubiri, tena aliimaliza supu yetu.

Sasa redio imetangaza kwamba mawakili wa Daraja huko Lima wameomba meza yetu ifutwe. Sababu ya kwanza, wasimamizi wote watatu ni Ccahuana, eti ukoo mmoja umejipangia meza. Nélida, hapa hata mbwa ukimwita Ccahuana anatingisha mkia! Mimi na Teófilo na Basilia hatuna hata bibi mmoja wa pamoja. Sababu ya pili ndiyo inayoninyima raha: eti saini moja mezani ni ya kughushi. Hawakusema ya nani. Wakishinda, kura za watu mia mbili na nne zinatupwa, na aliyeghushi anafungwa.

Wewe uko huko na unajuana na watu wa Daraja. Waulize wanataka nini na sisi.

Kaka yako,
Eleuterio


Comas, Lima, 20 Juni

Shikamoo kaka,

Viazi vimefika, vitatu vimeoza, vingine vizuri. Asante.

Ule ujumbe sikuuandika mimi. Niliusambaza tu, kama walivyosambaza watu wote hapa mtaani. Sikumfikiria baba. Ningemfikiria nisingeutuma, na ukitaka kuniamini niamini, hutaki basi.

Lakini na wewe jaribu kukaa kwenye kiti changu dakika moja. Nilikuja Lima na nguo za mwilini. Miaka ishirini na sita nashona sare za shule, na sasa nina cherehani nne na kibanda chenye kufuli langu mwenyewe. Halafu anatokea mtu wa Birika anasema kwenye mkutano kwamba mali itagawanywa upya. Itagawanywa kwa nani? Mimi sina kaka waziri. Nikiogopa mnaniita msaliti wa milima, mnasema nimejifanya mzungu. Nimechoka kuelezea, kaka. Hapa soko zima limegawanyika. Muuza vifungo wangu wa miaka kumi hanisalimii tena kwa sababu ya kofia ya Daraja niliyovaa siku moja.

Kuhusu meza yenu, sheria ni sheria. Kama hamkufanya kitu mnaogopa nini? Wanaokagua si watu wabaya, ni vijana waliosoma, wanakagua nchi nzima, hawakuichagua Sallapata peke yake. Na saini ya Basilia pale kwenye hati ya matokeo haifanani hata chembe na ile ya kwenye kitambulisho chake. Hilo si siasa, kila mwenye macho analiona.

Nisalimie shemeji. Mwambie apunguze chumvi, presha si mchezo.

Nélida


Sallapata, 25 Juni

Nélida,

Nimeisoma barua yako mara nne. Shemeji yako ameisoma mara mbili, naye hana haraka ya kusema mabaya ya mtu, lakini safari hii aliweka sufuria chini akanitazama.

Mimi nilikuandikia kwamba saini moja inashukiwa. Sikukuandikia ni ya nani kwa sababu nilikuwa sijui. Redio haikusema. Jina la Basilia limejulikana hapa jana tu, wito wake ulipofika. Wewe ulilijua tarehe ishirini. Ulilijuaje?

Nitakuambia hali ilivyo halafu utanijibu. Wito unasema afike mjini Huamanga tarehe kumi na saba Julai, mbele ya baraza la uchaguzi, na kwamba suala la kughushi litapelekwa kwa waendesha mashtaka. Nilimsomea mwenyewe. Aliuliza, "Kwani jina langu nimelikosea?" Nikamwambia hapana, umeandika vizuri. "Basi wananifunga kwa nini?" Jana hiyo hiyo alipanda malisho ya juu, na leo amekataa kushuka. Nimemfuata. Amelala kwenye kibanda cha mawe na alpaka zake, baridi ya kukata masikio, anakula mahindi ya kuchemsha tu. Anasema akishuka watamchukua, kama walivyomchukua baba yetu. Nilimwambia zama zile zimepita. Akasema, "Karatasi ndiyo ile ile, Eleuterio, imebadilishwa muhuri tu."

Kama hafiki, watasema amekubali kosa. Akifika, ataeleza nini? Hata mimi sielewi kwa nini saini hazifanani. Kitambulisho alikipatia huko kwako, miaka sita iliyopita, alipokuja kufanyiwa upasuaji wa nyongo.

Nijibu, na usinijibu habari za cherehani.

Eleuterio


Comas, 1 Julai

Kaka,

Nimeanza barua hii siku tatu nikiichana. Sasa naandika bila kusimama.

Siku ya pili baada ya kura, chama kiliomba watu wa kujitolea. Nilikwenda. Ofisi iko San Isidro, kwa matajiri, ghorofa ya tisa, zulia sakafuni. Bosi wetu alikuwa wakili, Daktari Arróspide, kijana mpole, ananiita "Señora Nelly", kama bibi wa heshima. Walinikalisha meza moja na mabinti wa chuo kikuu, tukapewa mikate ya nyama na kahawa. Kaka, miaka ishirini na sita nimeingia majengo ya namna ile kwa mlango wa nyuma, nimebeba sare za watoto wao. Siku ile niliingia kwa mbele. Ukinicheka cheka.

Kazi ilikuwa hii: kwenye kompyuta unaona saini ya hati ya matokeo kushoto na ya kitambulisho kulia. Zikifanana unapita, zisipofanana unatia alama nyekundu. Siku ya tatu ikaja meza ya Sallapata. Nikaona jina lako nikapita, saini yako ni ile ile ya tangu sekondari. Teófilo nikapita. Kisha Basilia. Kushoto jina zima, limeandikwa kama la mtoto wa shule. Kulia, chini ya uso wake, ni saini yangu mimi.

Ndiyo, yangu. Ile N kubwa yenye mkia. Alipokuja kwa upasuaji, hospitali walitaka kitambulisho, na yeye alikuwa hajui kuandika. Angeweza kuweka kidole gumba, sheria inaruhusu. Mimi ndiye niliyeona aibu. Karani wa vitambulisho alikuwa binti mdogo mwenye kucha nyekundu, na nilijua atatutazama vile wanavyotutazama. Kwa hiyo siku mbili nzima nilimfundisha Basilia jikoni kwangu kuchora saini yangu, mpaka ikatoka mkononi mwake bila kusita. Hakujua kwamba ile ni N wala kwamba jina lake linaanza na B. Alifurahi, akasema, "Ona, komadre, na mimi nasaini."

Yule binti wa chuo aliyekaa kushoto kwangu akauliza, "Señora, na wewe si ni Ccahuana? Una ndugu huko?" Daktari Arróspide akageuka. Nikasema hapana, sina mtu. Halafu nikatia alama nyekundu.

Kama ningesema najua kwa nini hazifanani, mambo yangeishia pale. Sikusema. Nilikuwa na hasira na wewe kwa kunitoa kwenye kundi mbele ya watoto wangu. Pia sikutaka kunyanyuka kwenye kile kiti. Sijui kipi kilikuwa kikubwa zaidi, na nimechoka kujipima.

Wakati ule sikujua atapelekwa kwa waendesha mashtaka. Tuliambiwa ni kura tu zitakazofutwa.

Nélida


Comas, 8 Julai

Kaka,

Gunia la Alhamisi limefika. Nimemwaga viazi vyote sakafuni, nimekung'uta gunia, nimetafuta mpaka kwenye mshono. Hukuandika.

Nitukane basi. Ukinitukana nitajua uko hapo.

Nélida


Sallapata, 11 Julai

Nélida,

Sikuandika kwa sababu kila neno lililokuja lilikuwa la kukutukana, na shemeji yako alinikataza kupeleka matusi na chakula kwenye gunia moja.

Samahani yako sitaki, sina pa kuiweka. Ninachotaka ni mdomo wako. Tarehe kumi na saba, saa tatu asubuhi, Huamanga. Useme ulichoniandikia, chote, pamoja na ile "hapana, sina mtu". Usipofika, huyu mwanamke atafungwa kwa kosa la kujifunza kusoma, na mimi nitamwambia kila Ccahuana aliye hai ni nani aliyemfunga.

Basilia nimemshusha kwa kumwahidi kwamba utakuwepo. Nimemwambia wewe unajua habari ya saini na utaieleza. Habari ya alama nyekundu sijamwambia, hiyo ni juu yako. Mimi sitakuja, mtu lazima akae na alpaka zake. Miaka sitini na tatu, nachunga alpaka za watu kwa ajili ya uchaguzi. Na huyu mgombea wangu, nikuambie ukweli, hata akishinda sioni atatufanyia nini. Barabara imeahidiwa na wanne waliomtangulia.

Eleuterio


Huamanga, 17 Julai

Kaka,

Barua hii anakuletea Basilia mwenyewe kwa basi la saa nane, kwa hiyo ukiisoma ujue yuko nyumbani, hajachukuliwa na mtu.

Nilifika alfajiri, miguu imevimba. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi za jengo, kofia mpya, kitambulisho amekifunga kwenye leso. Alinikumbatia kabla sijasema kitu. Nikamwambia, "Basilia, subiri, mimi ndiye niliyetia alama." Hakuelewa. Nikaeleza tena pale pale kwenye ngazi, watu wakitupita. Akaniachia taratibu, akaitengeneza kofia yake. Akasema, "Twende ndani, wanatungoja."

Daktari Arróspide alikuwepo na faili lake. Aliponiona alitabasamu, alidhani nimekuja upande wake. Mwenyekiti wa baraza akampa Basilia karatasi asaini mara kumi. Alisaini jina zima mara kumi. Mtaalamu wa mwandiko alitazama saa, kisha akaacha kutazama saa. Wakamwambia, "Sasa saini kama ilivyo kwenye kitambulisho." Basilia akashika kalamu, akaitua. "Ile nimeisahau," akasema. "Na tena siyo yangu, ni ya komadre wangu."

Watu wakacheka. Nikasimama nikaomba kalamu. Nikachora ile N, mara moja, na mwenyekiti akaiweka karibu na kitambulisho. "Mama, wewe ni nani?" Nikasema jina langu. Nikasema habari ya jikoni, kucha za yule karani, alama nyekundu, na ile "hapana, sina mtu". Arróspide akasema, "Señora Nelly, ulitudanganya." Nikamjibu, "Kweli, nilikudanganya, na nilikudanganya kwa sababu ulinipa kiti." Sijui kama alielewa.

Meza yenu imebaki. Kura zote mia mbili na nne zinahesabiwa. Faili la Basilia limefungwa, ila ametakiwa abadilishe kitambulisho, aweke saini yake halisi. La kwangu ndiyo limefunguliwa, maana nilimsaidia mtu kuweka saini isiyo yake. Wameandika anwani yangu, wamesema wataniita. San Isidro nimeambiwa nisirudi. Na soko zima litajua kabla sijashuka kwenye basi. Wale wa Daraja watasema nimenunuliwa, wale wa Birika watasema nimechelewa.

Jambo la mwisho, na usikasirike. Bado naamini Birika waliiba kura, mahali pengine. Nimeona kwa macho yangu mwenyewe jinsi alama nyekundu inavyowekwa, ningepaswa kuacha kuamini, na siachi. Naomba usinibishie kwa sasa. Turudishe simu kwanza, tubishane baadaye.

Nélida


Sallapata, 2 Agosti

Komadre Nélida,

Hii ni barua yangu ya kwanza. Nimeiandika siku nne. Eleuterio alitaka kunisaidia, nimemkatalia. Hajui ninachoandika.

Huamanga ulininunulia supu nikanywa bila kusema. Sikuwa nimenuna. Nilikuwa nalitafuta neno na lilikuwa bado halijaja. Sasa limekuja.

Hapa karibu watu wote walipigia Birika. Daraja walipata kura saba. Siku ile Eleuterio alizisoma kwa sauti, moja moja, na kila iliposomwa watu waligeuka kutazamana. Mpaka leo dukani wanaulizana ni nani hao saba. Eleuterio anasema akiwajua hatawapa maji ya mfereji, lakini anatania.

Mmoja ni mimi.

Kabla ya kura ulinipigia simu ukilia. Ulisema watakunyang'anya cherehani. Mimi sina cherehani. Nina alpaka ishirini na moja na hakuna mgombea anayezitaka. Yule wa Birika nilimpenda, anaongea kama sisi. Lakini nilifikiri, mimi sina cha kupoteza, komadre anacho, ngoja nimpe yeye kura yangu. Nilipiga Daraja kwa ajili yako. Halafu nikakaa mezani siku nzima na njaa, nikisaini karatasi kumi na nane ili kura ile ihesabiwe.

Ulipotia alama nyekundu ulikuwa unaifuta hiyo.

Sina hasira. Nilikuwa nayo kwenye basi, ikaisha kabla ya kufika juu. Wakikuita kwa ajili ya faili lako niambie, nitakuja kusema ulinifundisha kwa wema. Ni kweli, ulinifundisha kwa wema. Jibini iliyomo humu ni yako, ule mapema, haina chumvi nyingi.

Ila uchaguzi ujao, komadre, sikupi tena. Nitapiga ya kwangu.

Basilia Ccahuana Huamaní